Kamba ya Mama Jabali

Mwenyekiti wa kamati aliketi uani kwa Ngazi Mbili, kwenye kiti alichopangusiwa vumbi kwa heshima zote, na soksi mbichi ikawa inamdondokea begani. Hakuisogeza. Alikuwa amekuja kwa jambo zito, na mtu aliyekuja kwa jambo zito hagombani na soksi.

Alieleza kwamba kamati imekaa, imejadili, imekunywa chai na kuafikiana. Kituo kipya cha uokoaji mlimani kitafunguliwa Jumamosi. Wapo wanaotaka kiitwe kwa jina la marehemu Mama Jabali, mwanamke wa kwanza wa mji huu kufika kileleni, na wa kwanza kupanda si kwa ajili ya kilele bali kwa ajili ya walionasa njiani. Ila, akasema, na hapo akakohoa, wapo pia wanaotaka kiitwe kwa jina la Bwana Mabati. Sababu yao ni kwamba Bwana Mabati ametoa mabati.

"Kamati inataka kitu cha kuwaonyesha watu," mwenyekiti akasema. "Ile kamba iliyomshusha mrina asali aliyenasa mwambani. Sanduku la kioo tumeshatengeneza. Kamba ikiwepo, jina ni la mama yako. Isipokuwepo, fundi, mabati nayo yana uzito wake."

Ngazi Mbili akatazama juu. Kamba iliyomshusha mrina asali ilikuwa pale pale, juu ya kichwa cha mwenyekiti, imebeba soksi, shuka na kaptula za mzee baba yake. Tuseme kipande chake. Maana siku ile ya mrina asali jiwe liliporomoka likaipiga kamba, kamba ikashtuka kwa mvuto wa ghafla, lakini ikashika. Mama Jabali alimfikisha mtu wake chini, akarudi nyumbani, na kabla hata ya kuvua viatu akachukua kisu cha mumewe cha kukatia ngozi, akaikata kamba vipande vipande. Ndivyo alivyofanya sikuzote. Alisema kamba iliyoshtuka haiaminiki, na kamba isiyoaminika ikiachwa nzima, ipo siku mjinga ataifunga kiunoni.

Basi kipande kimoja kikawa cha kuanikia nguo. Kingine kikafunga mlango wa banda la kuku. Kingine kikawa mshikio wa ndoo. Na kingine, miaka yote hiyo, kilikuwa kinashikilia suruali ya mzee, mgane wa marehemu, ambaye alisema mikanda ya dukani haina adabu.

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Lakini Ngazi Mbili alikumbuka siku ya maziko, mvua inanyesha, viti vya viongozi mbele vimekaa peke yao kama meno bandia, na huyu huyu mwenyekiti ametuma salamu za simu. Akafungua mdomo ili aseme haipo.

"Ipo," akasema. "Nzima kabisa. Mama aliifungia sandukuni."

Mwenyekiti akamshika mkono kwa furaha. Alipoinuka, kamba ya nguo ilimvua kofia.

*

Jina la Ngazi Mbili hakupewa na adui. Alipewa na mafundi wenzake, siku walipogundua kwamba hapandi ngazi kupita kipago cha pili. Cha kwanza sawa, cha pili kwa dua, cha tatu magoti yanaanza kuzungumza lugha yao. Watu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini huyu alizaliwa jongoo. Utotoni kazi yake ilikuwa kungoja chini ya mlima na chupa ya chai, huku mama yake akining'inia juu kama kitone. Mji mzima ulimcheka. Mtu mmoja tu hakuwahi kumcheka, naye ndiye aliyekuwa juu.

Ukubwani akawa fundi samani, tena fundi wa aina yake. Alitengeneza vitu vipya na kuvizeesha. Wenye hoteli hawataki kiti, wanataka kiti kilichokaliwa na marehemu. Basi Ngazi Mbili alikuwa na majani ya chai ya kufifishia mbao, mnyororo wa kuzichubua, na asidi ya betri ya kuotesha kutu kwenye misumari na bawaba. Mpe stuli ya asubuhi, jioni anakurudishia ya karne iliyopita. Hakuona uongo wowote hapo. Mnunuzi anajua, muuzaji anajua, na stuli haina kinywa.

Kwa hiyo alikwenda dukani, akanunua kamba mpya ya nailoni, ya buluu yenye uzi mweupe, ileile rangi. Akaichanganyia asidi na maji kwenye beseni, akailoweka hadi buluu ikachoka. Akaianika juani. Akaisugua kwa majivu, akaiburuta kwenye kokoto, akaipaka nta kidogo mahali ambapo mikono ya miaka mingi ingekuwa imeshika. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe alitaka kuiamkia.

Mkewe alitoka jikoni, akasimama, mikono kiunoni.

"Hiyo si ndiyo dawa iliyokula ovaroli lako?" akauliza. "Nililifua mara moja likawa chujio."

"Ovaroli ni pamba. Hii ni nailoni," Ngazi Mbili akajibu, kwa uhakika wa mtu aliyepata sifuri ya kemia bila kupoteza hata chembe ya kujiamini.

"Na mtu akiishika?"

"Nani ataishika, mke wangu? Inaingia kwenye kioo. Ni kamba ya kutazamwa."

Mkewe alisema haya bwana, na haya bwana ya mkewe ilikuwa na mlango wa nyuma. Mzee, aliyekuwa kivulini akishona soli ya kiatu cha mtu, hakuinua kichwa. Aliuma uzi, akautema.

"Kamba yako imezeeka kwa siku mbili kuliko mimi kwa umri wangu wote," akasema. "Sasa itazikwa lini?"

Ngazi Mbili akamwambia baba yake kwamba afadhali uongo mdogo kuliko mama kusahaulika chini ya mabati ya mtu. Mzee akainuka, akaipandisha suruali yake, akakaza fundo la kamba ya kweli tumboni, akaenda zake ndani. Kwa Ngazi Mbili swali la baba yake lilikuwa kama mchanga kwenye kiatu: haukuumizi, lakini hutulii. Siku mbili zile hakukaa mahali. Akianza kupiga randa anaacha, akishika chai inapoa. Alijiambia tena na tena kwamba hili ni jambo la kwanza la mama yake ambalo yeye angeweza kulifanya akiwa chini.

*

Aliyetumwa kuichukua kamba alikuwa Kapteni. Ni msichana mwembamba, kiongozi wa waokoaji wa sasa, aliyefundishwa na Mama Jabali mwenyewe kwenye ukuta wa ua ule ule, ukuta ambao bado una alama za viatu vyake. Alimwamkia mzee, akamsalimu mke wa Ngazi Mbili, ambaye humwita wifi, kisha akaipokea kamba kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

Akaanza kuipitisha vidoleni, pima kwa pima. Alipofika katikati akanusa.

"Inanuka majivu, kaka."

"Moshi wa jikoni, dada. Sanduku liko karibu na jiko."

Sasa, waokoaji wana desturi yao. Wanasema kamba ina maradhi yasiyoonekana kwa macho. Kwa nje inaweza kung'aa kama bwana harusi, na ndani imekwisha. Kwa hiyo kamba ikibadili mikono, anayepokea humuuliza anayetoa maswali matatu, na jibu lake linachukuliwa kama kiapo. Hakuna anayedanganya hapo, maana kila mmoja anajua kesho atakayening'inia huenda ni yeye. Ngazi Mbili hakuwahi kuning'inia popote.

Kapteni akauliza kama kamba hii iliwahi kushtuka na mtu. Ngazi Mbili akasema jiwe lilipita pembeni. Akauliza kama ilikaa juani. Akasema kamwe.

"Imewahi kugusa dawa yoyote? Mafuta, asidi, chochote?"

"Hata sabuni," akasema Ngazi Mbili, laini, kama anayeuza kiti.

Kapteni akaitazama picha ya Mama Jabali ukutani, akatabasamu. "Ingekuwa nyumba nyingine ningeuliza mara mbili," akasema. "Neno la nyumba hii linanitosha." Akaivaa kamba begani, akaaga. Ndani, mzee akapata kikohozi kirefu kisicho na mafua.

*

Jumamosi mahema yalisimama mbele ya kituo kipya, chini kabisa ya ukuta wa mwamba ambao waokoaji hufanyia mazoezi. Bwana Mabati alikuja na suti iliyokuwa inang'aa kuliko mabati yake. Nyuma ya mlango wa kituo, kama ulijua pa kuchungulia, uliona vibao viwili vimefunikwa kitambaa. Mchoraji alikuwa ameagizwa achore majina yote mawili, kwa tahadhari.

Familia ya marehemu iliketishwa safu ya mbele. Baadaye kidogo ikasogezwa safu ya pili, maana wageni wa Bwana Mabati walikuwa wengi. Baadaye tena mzee akaombwa kiti chake kwa dakika moja, na dakika ile haikurudi. Ngazi Mbili akamnong'oneza mkewe kwamba ngoja tu, jina likishatajwa watatutafutia viti vya mito.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Alimsifu marehemu hadi marehemu mwenyewe angemwomba apumzike. Kisha akasema kamati imeandaa jambo ambalo haikumwambia mtu. Kabla kamba hii tukufu haijaingia kwenye kioo na kustaafu, itafanya kazi mara ya mwisho. Kapteni atashuka nayo ukuta huu, mbele yenu, kama mwalimu wake alivyoshuka siku ya mrina asali.

Watu wakapiga makofi. Vichwa vikageuka juu. Kapteni alikuwa tayari kileleni mwa ukuta, kitone cha njano dhidi ya mbingu, anafunga kamba kwenye pete za chuma.

Ngazi Mbili hakupiga makofi. Aliona ovaroli lake likitoka kwenye maji, matundu yake yanapitisha mwanga. Akajiambia ukuta si mrefu. Akautazama, ukawa mrefu. Akajiambia pamba si nailoni. Akamgeukia mkewe ili mkewe amwambie hivyo hivyo.

"Nenda," mkewe akasema.

Akaenda kwa mwenyekiti, akamvuta mkono wa koti. Mwenyekiti, bila kuacha kutabasamu kwa wageni, akamwambia baadaye, fundi, baadaye. Akaomba kipaza sauti, akaambiwa ratiba haina neno la familia. Akapiga kelele kuelekea juu, lakini muziki ulikuwa umeshafunguliwa, na spika za Bwana Mabati hazikuwa za mchezo. Kapteni alimwona anapunga mikono. Naye akampungia.

Ikabaki njia moja. Ubavuni mwa ukuta kuna vidato vilivyochongwa kwenye jiwe, vyembamba, bila pa kushika. Ngazi Mbili akaweka mguu kwenye cha kwanza. Akaweka kwenye cha pili. Mafundi wenzake, waliokuwa wamesimama nyuma, wakamwona.

"Jamani, anakwenda cha tatu," mmoja akasema. "Piteni redioni mkatangaze."

Wakaanza kumhesabia kwa sauti, na umati ukadakia, kwa maana watu wanapenda hesabu isiyo ya mtihani. Alipofika mahali magoti yalipoasi, alijiinamisha kwa mikono na miguu, akapanda kama mtoto anayetambaa, tumbo juu ya jiwe, suruali ya sherehe ikichanika gotini. Kicheko kilimfuata hadi mahali ambapo upepo ulikizuia. Hakuwa akimwomba Mungu amfikishe. Alikuwa akimwomba Kapteni achelewe.

Alipofika juu, Kapteni alikuwa ameshageuka, mgongo kwenye utupu, kisigino kimoja ukingoni.

"Kaka. Umefikaje huku?"

"Usishuke nayo."

Kapteni akadhani ni mapenzi ya kamba ya mama. Akaanza kumtuliza, akisema ni mara moja tu, ataitunza.

"Si ya mama," Ngazi Mbili akasema, akiwa bado kifudifudi, shavu juu ya mwamba. "Nimeinunua dukani. Nimeiloweka kwenye asidi ya betri."

Upepo ukapita. Kapteni akarudisha kisigino chake, polepole sana, akafungua kamba kiunoni.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mbele ya picha yake."

Pale juu kulikuwa na gunia la mchanga ambalo waokoaji hulitumia kwa mazoezi, wanaliita Mgonjwa. Kapteni akalifunga kwenye ile kamba, akalisukuma ukingoni kwa mguu. Mgonjwa akashuka vizuri kidogo. Kisha kamba ikakatika bila kelele, kama uzi uliooza. Gunia likapasuka mbele ya safu ya kwanza, na viatu vya Bwana Mabati vikajaa mchanga.

Muziki ukazimwa. Hata waliokuwa wakihesabu walisahau walikuwa wamefika ngapi.

"Haya," Kapteni akasema, akimgeukia. "Na wewe utashukaje?"

Ngazi Mbili akavitazama vidato. Havikuwa njia tena, vilikuwa uvumi tu. Akatikisa kichwa. Kapteni akatoa kamba ya timu, akamfunga mkanda mapajani na kiunoni, akamgeuza mgongo kwenye utupu kama alivyokuwa yeye mwenyewe muda mfupi uliopita.

"Bado sijakusamehe," akamwambia.

"Najua, dada."

"Usitazame chini. Nitazame mimi usoni."

Maneno hayo Ngazi Mbili aliyajua. Aliyasikia utoto wake wote, yakishuka kutoka juu kwa sauti ya mama yake, wakiambiwa watu wengine. Yeye hakuwahi kuambiwa. Akamtazama Kapteni usoni, akalia bila aibu, akashuka. Na mji uliokuja kutazama jinsi Mama Jabali alivyookoa watu, ukamtazama mwanawe akiokolewa, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

*

Chini, hakungoja kipaza sauti. Alisema yote pale pale aliposimama: duka, beseni, asidi. Alisema kamba ya kweli mama aliikata siku ile ile, na yeye aliona aibu kuonyesha vipande vya kuanikia nguo na kufungia banda la kuku.

"Kwa hiyo kamba haipo," mwenyekiti akasema, akajikung'uta mchanga. Alimtazama Bwana Mabati, kisha mlango wa kituo, na wote waliojua pa kuchungulia wakaelewa kibao kipi kinatoka.

"Ipo," akasema mzee.

Alikuwa amesimama kando, pale alipoachwa bila kiti. Akafungua fundo tumboni mwake, akavuta kipande cha kamba ya buluu kutoka vitanzi vya suruali, kimoja kimoja, bila haraka. Mkono wa kushoto ukabaki kushikilia suruali. Wa kulia akaunyoosha kwa Kapteni. Mtu mmoja alitaka kucheka, mwenzake akamkanyaga.

Kapteni akakitazama kile kipande, sehemu iliyochubuliwa na jiwe, na ncha mbili zilizokatwa kwa kisu. Akauliza kama iliwahi kushtuka na mtu.

"Ilishtuka," mzee akasema. "Ndiyo maana haijabeba mtu tena. Inabeba suruali."

Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini kwamba kipande cha mkanda hakifanani na sanduku kubwa vile. Kapteni hakumjibu. Alikiingiza kwenye kioo mwenyewe, akaomba kalamu, akamuuliza mzee aandike nini. Mzee akafikiri, suruali mkononi.

"Andika hivi. Kamba hii ilimshusha mtu akiwa hai. Mama Jabali akaikata, isije ikamwangusha mwingine."

Kibao kilipigwa misumari nje hata hivyo, na kilikuwa cha Bwana Mabati. Ngazi Mbili alikitazama kila nyundo ilipogonga. Hakumlaumu mtu, maana misumari ile aliinunua yeye siku aliyosema ipo. Kapteni alipita kando yake, akakitazama pia.

"Mabati ni yake, mlango wa nje akae yeye," akasema. "Mvua ikinyesha tutamshukuru. Ndani kwetu kuna sanduku, na kabla ya kutoka na kamba tutapita hapo."

Hakumpa mkono. Lakini alimwambia wifi yake kwamba kesho atakuja kuangalia kile kipande cha banda la kuku.

Watatu wakashika njia ya kurudi, mteremko wenye kokoto. Mkewe alitangulia na kiatu kilichookotwa. Mzee alikuja nyuma, mikono yote miwili kwenye suruali, akijikwaa kila hatua kwa sababu mtu asiye na mikono huru hana mizani. Ngazi Mbili hakuweza kuvumilia. Akarudi pale lilipopasukia gunia, akaokota kipande cha kamba yake, akamletea.

"Funga hii, baba. Mpaka nyumbani tu."

Mzee akaitazama kamba. Akaivuta kidogo kwa vidole, akairudisha.

"Hii yako siiamini hata kwa suruali," akasema. "Itupe. Shika upande huo, mimi nashika huu. Twende."